Bomba Lililokuwa Likigonga Asubuhi

Kuna mafundi wa kujenga na mafundi wa kubomoa, na kuna huyu wetu, ambaye aliishi kwa kuficha. Watu walimwita Ficha, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Kazi yake ilikuwa kuingia bafuni kwa mtu, kuyatazama mabomba yaliyoachwa ukutani nje nje kama matumbo ya samaki, kuyajengea kasha la mbao, na kulipaka kasha rangi ya ukuta au kulibandika vigae. Kisha alimwita mwenye nyumba na kumwuliza, "Haya, bomba liko wapi?" Mwenye nyumba akizungusha macho bila kuliona, Ficha alicheka peke yake mpaka mabega yakatikisika.

Usiidharau kazi hiyo. Kuficha bomba si kupigilia ubao juu yake ukaenda zako. Lazima kasha liwe na kimlango mbele ya koki, la sivyo siku bomba likivuja utabomoa ukuta mzima ukilia. Bafuni, mbao zinapakwa dawa ya kuzuia maji pande zote mbili, hata ule upande ambao hakuna jicho litakaloufikia, kwa sababu mvuke hauna adabu, unaingia bila hodi. Chumba cha kufulia nacho kinataka nafasi ya mpira wa mashine na nafasi ya mkono wa mtu. Juu ya hayo, Ficha alikuwa na ujuzi wake mwenyewe: kabla ya kufunga kasha, alikata vipande vya sponji la magodoro akavishindilia kuzunguka bomba, kwani mabomba ya chuma yana kelele. Yanagonga, yanalia, yanakoroma maji yakifungwa ghafla. "Bomba langu mimi halikohoi," alikuwa akijigamba, na ni kweli, halikukohoa.

Sasa twende nyumbani kwake. Kinyozi hajinyoi, na Ficha hakuwahi kuficha chake. Bomba kuu la nyumba yake lilishuka kutoka kwenye tangi la juu, likapenya chumba cha nyuma, likatambaa ukutani usawa wa kitanda, likaingia bafuni juu ya beseni la kunawia, na mwisho likatokea chumba cha kufulia, ambako mke wake alilifanya kamba ya kuanikia matambara. Lilikuwa na kutu, lilikuwa na viraka, na kila mgeni aliyekwenda kunawa mikono alitoka na swali.

"Mume wangu," mke alimwambia, "wenzako unawafichia, mimi naaibika na wageni. Ukifa nitawaambia watu marehemu ameacha mabomba."

"Wiki ijayo, mke wangu."

"Wiki ijayo yako ina mvi."

Katika kile chumba cha nyuma alikaa mama mkwe. Alikuwa fundi wa cherehani maisha yake yote, mpaka miguu ikamgomea. Kabla ya kuja hapa alikaa kwa mwanawe wa kiume, mbali sana, kwenye nyumba ambayo mchana kutwa haina mtu. Huko ndiko alikoanguka siku moja asubuhi, akalala sakafuni akiita mpaka sauti ikakauka, na hakuna aliyemsikia hadi mwanawe aliporudi jioni. Binti yake alipopata habari alimfuata mbio mbio, akamleta. Bibi akaja, lakini alikuja na sharti.

"Mimi nimekuja kutembea tu," alisema, angali hata hajavua viatu. "Siku nitakayoona nimewachosha, narudi nilikotoka. Na msinililie."

Hakuwa akitania. Wale watu wa zamani wanaposema narudi, wanarudi kweli, hata kama wanarudi kufa. Mke wa Ficha alilijua hilo, na hofu hiyo alilala nayo na kuamka nayo.

Basi mama na binti wakapatana jambo. Kila asubuhi bibi akiamka, angevaa kastabini yake kidoleni, kile kikofia cha chuma cha kusukumia sindano, na kugonga bomba lililokuwa kando ya kitanda: ko, ko, ko. Maana yake, nimeamka, ni mzima. Binti, akiwa chumba cha kufulia, angejibu kwa kijiko. Maana yake, nimekusikia, hupo peke yako. Mambo yakaenda hivyo vizuri, mpaka binti akapata kazi kwenye kiwanda cha mikate, kazi ya kutoka nyumbani jogoo hajawika.

"Usijali," bibi alimwambia. "Nitagonga tu kwa mazoea."

Akagonga kwa mazoea, na jamani, akajibiwa! Tena si kwa kijiko. Alijibiwa kwa kishindo, ba! Bomba zima likatetemeka.

Aliyejibu alikuwa Ficha, na hapa ndipo ninapotaka unisikilize, maana mtaalamu akikosea hukosea kitaalamu. Saa hiyo Ficha alikuwa bafuni akinyoa ndevu. Aliposikia ko, ko, ko, hakufikiri mtu. Angefikirije mtu, yeye aliyekaa na mabomba kuliko alivyokaa na watu? Alisimamisha wembe shavuni na kusema kwa uhakika wote, "Hewa. Hewa imeingia kwenye bomba." Akachukua spana iliyokuwa dirishani, akalitandika bomba pigo moja, na kulifokea, "Nyamaza, mshenzi we!" Bomba likanyamaza. Lilinyamaza kwa sababu upande wa pili bibi alikwisha kuridhika, amejibiwa, anafunga kilemba chake. Lakini Ficha alijitazama kwenye kioo kwa fahari. "Umeona? Bomba ukilionyesha nani mkubwa, linatulia."

Mchezo huo uliendelea kila asubuhi ya Mungu. Bibi akigonga, mkwewe akitandika na kutukana, kila mmoja akiondoka amefurahi.

"Mumeo ana adabu," bibi alimwambia binti yake. "Hana maneno mengi, mlangoni kwangu hata macho hanyanyui. Lakini kila asubuhi ananijibu. Mkono wake mzito kidogo, ila ananijibu. Nilikuwa nimeshapanga kuondoka ulipopata ile kazi. Nimebaki kwa ajili yake."

Binti machozi yakamlengalenga. Akataka kwenda kumshukuru mumewe pale pale.

"Thubutu!" bibi akamzuia. "Mwanamume ukimsifu kwa jambo jema analolifanya kimya kimya, ataona haya, ataliacha. Mwache hivyo hivyo."

Kwa hiyo hakuambiwa. Aliona tu kwamba siku hizi anapakuliwa paja la kuku na chai yake inakuja imekolea, akadhani ni kwa sababu ya uzuri wake.

Ikatokea mdogo wa mke wake akajifungua, na mke akaomba ruhusa kazini aende kumsaidia. Siku ya kuondoka alisimama mlangoni na begi lake, akasema, "Mume wangu, nakuachia mama. Chakula atakula, dawa anazijua mwenyewe. Ninaloliomba ni moja: asijione yuko peke yake. Akijiona yuko peke yake ataondoka, nami nikirudi nitakuta kitanda kitupu."

"Aondoke aende wapi na mimi nipo?"

"Basi endelea hivyo hivyo unavyofanya."

"Naendelea," Ficha akajibu, bila kujua anaendelea na nini.

Mke hajafika hata nusu ya safari, mume akapata wazo. Wanaume wakiachwa peke yao hupata mawazo. Atayafunika mabomba yote ya nyumba! Mke arudi akute bafu linang'aa, chumba cha kufulia kama cha picha, na mama yake analala mahali pasipo kelele. Maana alimwonea huruma yule bibi kwelikweli. Kama yeye bafuni anasumbuka, je mtu mzima aliyelaza kichwa chake karibu na lile bomba? Akaona haya kwamba hakulifikiria mapema.

Akaanzia chumba cha kufulia, akaja bafuni. Na lazima niseme haki yake, kazi ilikuwa safi. Alichonga fremu ikakaa ukutani kama iliyozaliwa pale, akapaka dawa pande zote mbili, akaacha kimlango cha koki chenye bawaba ndogo ambacho kikifungwa hata ukucha haupiti. Sponji alishindilia la kutosha, kwa sababu hii ilikuwa nyumba yake, na mke wake, na mama mkwe wake. Mwisho akabeba mbao na sanduku la vifaa, akaenda chumba cha nyuma.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwanangu. Pita."

Ficha akaingia, macho chini kama kawaida yake. "Nimekuja kumaliza hizi kelele za bomba, mama."

Bibi alikuwa akishona kifungo. Sindano ikasimama. "Kelele?"

"Zile za asubuhi. Zimetuchosha vya kutosha."

"Zinakuchosha?"

"Mno, mama! Kila siku ya Mungu, ko, ko, ko! Hata ndevu sinyoi kwa amani. Nimevumilia miaka, sasa basi."

Angenyanyua macho angeona. Lakini heshima ilimzuia kumtazama mama mkwe usoni, kwa hiyo alichokiona ni miguu yake tu, ndani ya soksi za sufu, imekusanywa chini ya kiti.

"Pole sana, mwanangu," bibi akasema taratibu. "Sikujua kama nakutesa. Ungesema mapema."

Ficha akadhani ni maneno ya upole, kama yale anayosema mtu ukijikwaa mbele yake. "Aa, mama, si kosa lako, bomba ni bomba," akajibu kwa furaha, akapiga magoti, akaanza kupima ukuta. Alifanya kazi akipiga mluzi. Bibi alimwangalia akikata sponji na kulishindilia pande zote kwa kidole gumba, kipande baada ya kipande, kisha akafunga ubao na kukaza skrubu. Alipomaliza akasimama kando, akauliza swali lake la siku zote kwa sauti ya chini ya mkwe.

"Haya, mama. Bomba liko wapi?"

"Halipo," bibi akasema. "Ahsante, umetengeneza vizuri."

Kesho yake asubuhi Ficha alinyoa kwa raha ambayo hajawahi kuipata. Kimya! Alijipapasa mashavu yote mawili, akaimba. Upande wa pili wa ukuta, bibi alikaa kitandani na kastabini kidoleni. Aligonga kasha mara moja, likatoa sauti ya godoro. Hakugonga tena. Akaivua kastabini, akaiweka ndani ya kikopo cha vifungo na kukifunga kifuniko.

Mchana Ficha alimpelekea chai, akaikuta jioni imepoa. Chakula cha jioni alikidonoa tu. Siku iliyofuata Ficha alikuwa anafagia unga wa mbao pale uani aliposikia anaitwa.

"Mwanangu, nitafutie gari. Nataka kwenda kwa shemeji yako. Nimemkumbuka."

Fagio likamtoka mkononi. "Lini, mama?"

"Leo. Nimeshafunga vitu vyangu."

Na kweli, mzigo ulikuwa mlangoni, shuka limefungwa fundo, na cherehani ya mkono kando yake imefunikwa kitambaa.

"Mama, msubiri basi mwanao arudi. Kuna kitu nimekosea? Chakula hakikuwa kizuri? Najua napika vibaya."

"Chakula kizuri. Nimekaa sana. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Lakini mgeni naye ajue siku ya kwenda."

Ficha akarudi nyuma, akatoka, akaenda kukaa kwenye ukingo wa bafu kama mtu aliyepigwa. Akawaza wali, akawaza dawa, akawaza kama aliwahi kupita mlangoni bila kusalimu. Hakupata kosa. Akampigia mkewe simu.

"Umemfanya nini mama?" mke akauliza kabla hata ya salamu kuisha.

"Sijamfanya kitu, wallahi! Nimemtengenezea na chumba. Nilitaka nikushtukize ukirudi. Nimeyafunika mabomba yote, la kwake nimelishindilia sponji, sasa hivi kimya kabisa, sindano ikianguka unaisikia."

Simuni kikasikika kilio cha kichanga tu.

"Haloo? Umekatika?"

"Umelifunika la kitandani kwake," mke akasema. "Sasa asubuhi unamjibuje?"

"Namjibu nani?"

"Mama. Akigonga."

"Akigonga nini?"

Hapo ndipo mke alipomweleza. Alimweleza taratibu, kama anayemweleza mtoto: kastabini, kijiko, nimeamka, ni mzima. Akamweleza na habari ya mkwe mwenye adabu asiye na maneno, ambaye kila asubuhi anajibu. Ficha alisikiliza huku akitazama spana pale dirishani.

"Kwa hiyo wewe ulikuwa unapiga nini?" mke akauliza.

"Nilikuwa napiga... bomba."

Siku nyingine yoyote wangecheka mpaka simu iishe chaji. Siku hiyo mke hakucheka. "Nisikilize. Kule kwa kaka hakuna mtu mchana. Alilala sakafuni kutwa nzima, na alipoinuliwa alisema hakulia kwa maumivu, alilia kwa sababu aliita na hakuna aliyejibu. Akirudi kule, mimi sina mama. Nenda ukazungumze naye."

"Nikamwambie nini?"

"Mimi sijui. Wewe ndiye uliyekuwa ukimjibu."

Ficha akabaki ameshika simu. Aibu ilimkamata, si kidogo. Aliyakumbuka maneno yake yote kwa mpangilio, zimetuchosha, nimevumilia miaka, sasa basi, na kila moja lilimwingia kama msumari. Kisha akakumbuka yale ya bafuni, akatamani ardhi ipasuke. Akachukua bisibisi.

"Hodi, mama."

"Karibu. Gari limefika?"

Bibi alikuwa amekaa kitandani na viatu miguuni, mkoba mapajani, amejitanda vizuri kama mtu anayekwenda kwa watu. Ficha alipita, akapiga magoti mbele ya kasha, akaanza kufungua skrubu.

"Unafanya nini, mwanangu? Usiharibu kazi yako."

"Kazi mbaya hii, mama."

"Si mbaya. Ulisema mwenyewe kelele zinakuchosha. Mtu ana haki ya kupumzika nyumbani kwake."

"Nilisema maneno ya kipumbavu, mama. Naomba usiyashike." Ubao ukatoka. Akaanza kuchomoa sponji kwa vidole, likawa linadondoka sakafuni vipande vipande, mpaka bomba likaonekana, baya vile vile, na kutu yake na kiraka chake. Alikuwa ameamua kusema kweli yote, kuanzia hewa hadi spana, halafu hukumu itakayokuja ije.

"Mama," akaanza, "kuna jambo lazima nikuambie. Kila asubuhi, mimi..."

"Ngoja kwanza," bibi akamkatiza. "Na mimi nina langu, acha niulize kabla sijaondoka, maana sijui kama tutaonana. Kila asubuhi ukishanijibu, nilikuwa nasikia unasema kitu. Sauti naisikia, ukuta unameza maneno. Siku zote nikawa najiuliza, huyu mtoto asiyesema na mtu ananiambia nini mimi. Niliona haya kuuliza. Ulikuwa ukisema nini?"

Ficha aligeuka, na kwa mara ya kwanza tangu aoe alimtazama mama mkwe wake usoni. Macho yalikuwa mekundu. Yalikuwa yakimsubiri, kama anayesubiri kupewa kitu mkononi.

Kweli ilikuwa pale pale ulimini, na akaimeza.

"Shikamoo, mama," akasema. "Nilikuwa nasema shikamoo."

Bibi aliuondoa mkoba mapajani, akauweka kando kitandani.

"Marahaba, mwanangu," akasema. "Na za siku zile zote, ambazo sikukuitikia, marahaba."

Akainama, akaanza kufungua viatu.

"Sasa ondoa ule mzigo mlangoni, mtu atajikwaa."